Vidonge nilivyoviita feki

Jamani, leo nimeona haya mpaka masikio yanawaka.

Darasani nilitaka kuwaonyesha wanafunzi wangu dawa ya kiungulia inavyoua asidi ya tumbo. Mmoja wao, Aline, akaleta vidonge kutoka famasi ya mama yake, hapa Bwiza.

Nikatumbukiza kimoja kwenye asidi, nikachovya karatasi ya litmasi, ile ya kupimia asidi. Nyekundu vilevile, asidi haijafa.

Nikatangaza: "Hivi ni feki!"

Darasa likacheka. Aline akainamisha kichwa.

Walipotoka, naosha vyombo, nikachovya karatasi tena kwenye asidi ileile. Buluu! Kumbe ni vidonge vya kutafuna, na mi sikukisaga, ndiyo maana kilichelewa kuyeyuka.

Nikakimbilia famasi kuomba radhi. Mama yake akaniwahi:

"Mwalimu, asante! Mutoto ameniambia. Nimevitupa vyote, nisije nikaua watu."

Na mi, mwoga, nikajibu: "Si kitu, Mama Aline."

Si kitu!!

Niambieni, nirudi pale na uso gani? Kesho Aline anakaa benchi la mbele.