Bastola ya Mambo Yote

Kila Jumamosi mzee mmoja huja dukani kwetu pa silaha, hapa Montana, Marekani, kutafuta bastola moja ya mambo yote: ya kuficha kiunoni mjini, ya kujikinga na dubu msituni, ya mazoezi ya shabaha. Huchungulia kama ina risasi, ingawa Lorna, muuzaji mwenzangu, amekwisha kuchungulia mbele yake. Huichomeka kiunoni, hushusha shati, hutugeuzia mgongo na kuinua mkono, kama anayechukua kopo la maharage kwenye rafu ya juu.

“Inaonekana?”

“Haionekani, mzee, kama wiki jana,” nikamjibu. “ Inunue, nyumbani mkeo atakuangalia.”

Mkono ulibaki juu. “Nilimzika mwezi Machi.”

Lorna akazunguka kaunta, akamnyooshea shati taratibu.

“Hebu inama,” akasema. “Hapa sijaangalia vizuri.”