Viatu vya Mwali

Harufu ya belo la mitumba likikatwa kamba sijaisahau: dawa, vumbi, na kitu kitamu kama sabuni ya nchi ya mbali. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, nguo za nje zikamwagika mjini Morogoro, na mama, baada ya baba kupunguzwa kiwandani, akaanza kuuza mitumba uani kwetu Mafiga. Mimi nilikuwa mwali. Tangu nimalize darasa la saba nilikuwa nimewekwa ndani, nafundwa na Bibi mzaa mama, aliyekuwa akishuka kutoka Matombo kila wiki. Mwiko mmoja tuliuogopa sote: mwali akionekana nje kabla ya kutolewa kwa ngoma, siku zake zinaanza upya. Nami nilikuwa nitolewe Jumamosi, na Jumatatu yake nianze kidato cha kwanza.

Alhamisi asubuhi likafunguliwa belo la viatu, na humo, nilisikia dirishani, mlikuwa na vyeusi vya shule. Mama angenikadiria kwa miguu ya mwaka jana! Nikajifunika kanga gubigubi, nikatoka, nikajitosa katikati ya wanawake. Cha kulia nilikipata upesi, kikanikaa sawasawa. Cha kushoto kilikuwa chini kabisa ya rundo. Nikachimba huku nacheka peke yangu, mpaka nikakikamata. Nilipoinuka, kanga ilikuwa imeangukia mabegani, na Bibi amesimama mlangoni pa ua na kapu lake la ndizi.

Mama akashika kichwa. Nikaiona shule inaniponyoka hivi hivi, kwa kiherehere changu mwenyewe.

Bibi aliitazama miguu yangu kwa muda. “Huyo mteja viatu vimemkaa,” akamwambia mama. “Mfungie, aende zake.”

Nikazunguka mlango wa nyuma. Akanifuata ndani, akaketi mkekani. Nikamwamkia kwa makofi madogo, kama mwali alivyotakiwa. Hakunikaripia, na hilo likaniuma zaidi.

“Siku zako zimeanza upya leo,” alisema. “Mila ni mila. Nitazihesabu mwenyewe.”

Akahesabu kwa vidole, polepole, huku akiviruka vingine bila haya, mpaka akafika cha mwisho. Zikaisha Jumamosi.

Nilitolewa nimebebwa mabegani, ngoma zikirindima mpaka barabarani, viatu vyeusi miguuni, milima ya Uluguru yote iko mbele yangu. Nilifurahi mpaka nikalia.

Binti yangu alichezwa mwaka jana ukumbini, mchana mmoja tu, kwa keki na mshereheshaji. Alipendeza, simcheki. Ila hakuna aliyevunja mwiko wake mwenyewe kwa ajili yake. Mimi sasa ni mwalimu wa hisabati, nasahihisha madaftari bila huruma, na hesabu ya Bibi ndiyo pekee yenye makosa niliyowahi kuipa alama zote.