Kanyaga na Gemu ya Malori

Mtaani wote walimwita Kanyaga, hata mkewe akiwa amekasirika. Alikuwa ameendesha malori ya masafa marefu tangu ndevu hazijamtoka, mpaka siku sukari ilipomshukia akiwa usukanini, akapitiwa, lori na tela lake vikaishia mtaroni. Hakuna aliyeumia, tumshukuru Mungu. Lakini daktari hakumung'unya maneno: usukani basi. Sasa mtu wa kukanyaga mafuta maisha yake yote, ukimwambia basi, atakaa vipi? Hakai. Anainuka, anafungua dirisha, analifunga, anakwenda getini kusikiliza watu wanavyobadilisha gia, anarudi akisonya.

Na habari ya kupakiwa na mtu mwingine alikuwa hataki hata kuisikia. Mkewe ana pikapu ya kupelekea mayai madukani, na anaiendesha vizuri tu. Siku moja alimpakia kwenda sokoni. Weee! "Breki! Breki! Humwoni huyo wa baiskeli?" Mwisho mzee mzima akavuta breki ya mkono mwenyewe, katikati ya barabara. Mkewe akamfungulia mlango. "Shuka, baba watoto, kabla sijakuua." Akarudi nyumbani kwa miguu.

Ndiyo maana binti yao, aliyeolewa mji wa mbali, alijifungua mtoto wake wa kwanza, mtoto akaota meno, na babu hajamwona. Si kwamba hakumpenda. Picha zake kwenye simu alizitazama mpaka betri inakwisha. Alimtamani hasa yule mtoto, mpaka anaota anambeba. Ila safari yenyewe ni ya kutwa nzima, na kukaa kutwa nzima mikono mapajani huku mwingine ameshika usukani, hilo lilimshinda.

Kilichomtuliza kidogo ni gemu. Mpwa wake, binti wa dada yake, ni fundi wa kompyuta. Alimfungia mashine sebuleni, yenye usukani wa plastiki na pedali za sakafuni, akamwekea gemu ya kuendesha malori. Tatizo, picha zilikuwa zinakwama. Kanyaga akifika kwenye kona, picha inasita, na ikiendelea lori limeshaparamia ukuta wa nyumba ya watu.

"Hii si barabara, hiki ni kigugumizi!" alifoka.

Mchana mmoja, siku moja kabla ya mkewe kusafiri kwenda kwa binti yao, mpwa alipita kuitazama.

"Mjomba, iliyolemewa ni kadi ya picha, ile inayochora unachokiona kwenye kioo. Tunaweza kuiongeza kasi kidogo kuliko ilivyotoka kiwandani. Lakini taratibu." Akaifungua, akapuliza vumbi, lilikuwa la kujaza kikombe. Kisha akamwonyesha programu. "Hapa ni kasi. Unasogeza kidogo tu, unaipa kipimo kizito, unaangalia joto. Ikitulia, unasogeza tena kidogo. Ukiona vidoti vya rangi au picha ikiganda, umepitiliza, rudi nyuma. Na hapa pa umeme usipaguse, nitakukata mkono."

"Kipimo kinachukua muda gani?"

"Kama saa nzima. Lori linajiendesha lenyewe mjini, wewe unakaa unatazama. Hugusi kitu."

"Saa nzima nimekaa?"

"Mjomba, kukaa hakuui mtu."

Asubuhi yake, mkewe akiwa anapakia vitu kwenye pikapu, Kanyaga alikuwa tayari kwenye programu. Kidogo gani bwana! Alisogeza kasi kwa mkupuo mmoja, akachukua lori tupu, akatoka nalo barabara ya tambarare isiyo na gari. Likateleza kama siagi. Akapiga meza kwa furaha. Kisha akafunga tela lenye shehena, akaingia mjini, kwenye mvua na foleni. Vidoti vya kijani vikaanza kutapakaa angani, picha ikaganda, kioo kikawa cheusi. Akampigia mpwa wake.

"Ulisogeza kiasi gani?"

Kanyaga akajifanya anafuta vumbi kwenye kioo.

"Na ulipimaje?"

"Nilizunguka kidogo. Lori tupu."

"Mjomba! Wewe na udereva wako wote, ungepima breki za tela bila mzigo?"

Aibu ilimshika, akakosa pa kuficha uso. Akazima, akawasha, akashukuru kuona mashine inaamka, akarudisha kasi ya kiwandani na kuanza upya. Safari hii alisogeza kidogo kidogo, kwa adabu, macho kwenye joto, mpaka kikafika kile kipimo kirefu. Lori lilikuwa linakata kona lenyewe kwenye mvua mkewe alipotokea mlangoni na funguo mkononi.

"Nimemaliza kupakia. Twende."

"Kipimo hakijaisha."

"Baba watoto."

"Nikiondoka sasa nitajuaje kama imetulia?"

"Binti yako ameniuliza nakuja na nani," mkewe akasema. "Nimwambie nini? Kipimo hakijaisha?"

Kanyaga hakugeuka. Alisikia pikapu ikiwaka, ikitoka getini, na gia ya pili ikiingizwa mapema mno, akasonya.

Kipimo kikaisha salama. Joto halikupanda, hakuna kidoti hata kimoja. Akachagua njia ndefu kuliko zote na tela limejaa, akaendesha mpaka mchana ukainama. Raha iliyoje! Kona, daraja, mteremko, hakuna kilichokwama. Akafika mwisho, akarudi kinyumenyume kwenye maegesho kwa mkupuo mmoja. Kioo kikaandika: mzigo umefika.

Akangoja. Maegesho matupu, taa zinawaka, hakuna mtu. Hakuna hata wa kumwambia pole na safari. Akainuka, akakaa, akainuka tena. Alijiona mpumbavu, tena mpweke. Akampigia binti yake.

"Mama bado yuko njiani," binti akasema. "Hukuja naye, baba?"

"Sikuja."

"Nilijua." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuuma. Nyuma yake mtoto alikuwa anagonga sufuria na kucheka peke yake.

Kanyaga alizima kompyuta, akatia shati na dawa zake kwenye mfuko, akaenda kituo cha mabasi karibu mbio, asije akabadili mawazo njiani.

"Una bahati, mzee," dada wa tiketi akamwambia. "Vimebaki viti viwili. Hiki cha mbele kabisa, unaiona barabara yote. Kingine kiko nyuma, kimebanwa hakina hata dirisha."

"Nipe cha nyuma."

"Watu wanagombania cha mbele, mzee wangu!"

"Nipe nisipomwona dereva," Kanyaga akasema. "Nikimwona dereva, mjukuu wangu sitamwona."