Misimu ya Kumfunga Kanga

Juzi nilipita Nanyala, nikashuka kuangalia shamba la bibi. Mibuni yote imeng'olewa, sasa ni maparachichi mistari kwa mistari. Nikazunguka humo muda mrefu, na ukiniuliza nilikuwa natafuta nini nitakwambia ukweli: natafuta lilipokuwa shina nililokuwa namfungia mdogo wangu.

Usinihukumu haraka. Mama alipomfuata baba kaburini nilikuwa kidato cha pili, nikaacha shule, maana bibi peke yake asingeweza kumkimbiza mtoto yule. Alikuwa na miaka sita, haongei, na aliyapenda malori kuliko watu. Ukiinamisha tawi moja tu kuchuma kahawa, ukigeuka yuko barabara kuu, mikono masikioni, anacheka. Siku moja dereva alifunga breki hadi matairi yakanuka. Tangu hapo nilimfunga kanga kiunoni, ncha nyingine kwenye mbuni. Alizunguka hapo akipanga kahawa mbivu kwa mstari, mimi nikimwimbia nyimbo za kwaya. Mchana bibi alileta viazi vya kuchemsha, naye akachagua vile vidogo tu. Tulikuwa na raha yetu.

Jirani akipita na kikapu alitutania. "Dada, utamfunga mpaka aletewe mchumba?"

Tulicheka wote. Msimu uliofuata mdogo wangu alikuwa na nguvu za kuichana ile kanga, nami sikucheka tena.

Mwalimu wa shule ya msingi ndiye aliyetutajia usonji, na kwamba kuna shule ya bweni inayopokea watoto kama yeye, mwendo wa kutwa nzima kwa basi. Baba mdogo alisema mtoto wa ndugu hatupwi. Kanisani walinong'ona kwamba nimemchoka. Nikamwuliza bibi, naye akaendelea kupepeta maharage yake.

"Wewe ndiye mama yake sasa. Sema wewe."

Nikasema aende. Nilimpeleka mwenyewe, nikamweleza matroni habari zake zote hadi akaniomba nikae kwanza ninywe chai. Nilipoondoka, mtoto hakuinua macho.

Baada ya miezi mitatu nilikwenda kumwona. Nilishaamua: akilia tu, narudi naye. Hakulia. Alinishika mkono, akanionyesha kitanda chake, bomba la maji, jiko. Kisha akaniongoza hadi getini, akanisukuma taratibu nje, akafunga, akarudi kwa wenzake.

Nilipomsimulia bibi alicheka hadi akajifuta macho. "Basi ana kwake," akasema.

Na kweli anako hadi leo, ni mwanamke mzima sasa, anafuma vikapu vizuri kuliko walimu wake. Siijutii ile safari. Ila bibi ametangulia, na mdogo wangu hajawahi kuonyesha kama anaikumbuka ile misimu. Kwa hiyo nimebaki nayo peke yangu, ndiyo maana leo nimekusimulia.