Mtutu Mpana, Mtutu Mwembamba

Jirani yangu wa Katubuka alikuwa bingwa wa kujaza risasi ambaye hajawahi kujaza hata moja. Alistaafu utumishi wa serikali akabaki na bunduki yenye kibali, iliyofungiwa kabatini, na simu iliyojaa video za Wazungu wanaojaza maganda ya risasi nyumbani kwao, wakipima baruti kwa vimizani kama vya sonara. Kila Jumamosi alikuja barazani kwangu kutufundisha aliyoyaona. Mimi, mwalimu wa fizikia niliyeletwa Kigoma na barua ya uhamisho, nilikuwa natilia muhuri maneno yake.

Jumamosi moja shangazi wa mke wangu alikuwa ameshuka kutoka Kalinzi na mkungu wa ndizi. Alikaa mkekani anachambua maharage. Mzee, ndivyo tulivyomwita jirani huyo, alimsalimia juujuu, akaanza.

"Mwalimu, chukua baruti ile ile na risasi mbili za uzito mmoja. Moja ipite mtutu mwembamba, nyingine mtutu mpana. Ipi itakuwa na kasi zaidi?"

"Ya mwembamba, Mzee. Ni kama bomba la maji. Ukibana mdomo wake kwa kidole, maji yanaruka mbali."

Mfano huo niliutumia Kidato cha Tatu miaka yote. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuupinga, nami nikachukulia kwamba huo ndio ushahidi.

"Umeona? Mtutu mpana ni kama mtu mnene," Mzee alisema. "Atakimbilia wapi?"

Shangazi, ambaye si mwembamba, aliinua kichwa.

"Hizo risasi uzito wake ni mmoja?"

"Mmoja."

"Na kinachozisukuma ni kile kile?"

"Kile kile, mama. Ila haya mambo ni ya kitaalamu."

"Basi ya mtutu mpana ndiyo itakimbia."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Nami nikacheka, kile kicheko cha mtu mwenye shahada, na hadi leo nikikikumbuka naona haya.

Shangazi hakubishana. Alikwenda nyuma ya jiko akakata vikonyo viwili vya majani ya mpapai, kimoja chembamba, kingine kinene, akavisawazisha urefu. Akafinyanga madonge mawili ya udongo. Nikakimbilia ndani kuleta mzani wa maabara niliokuwa nimeuchukua shuleni kuutengeneza, nikitumaini kumkamata. Madonge yalikuwa sawa. Moja akalinyoosha liingie kwenye kikonyo chembamba, lingine akaliviringa liingie kwenye kinene.

"Puliza, mkwe. Vyote kwa nguvu zako zote, usinionee huruma."

La kikonyo chembamba lilianguka chini ya kamba ya nguo. La kikonyo kinene liliipita kamba, likagonga bati la uzio. Paa!

Mzee akasema ni upepo wa ziwa. Tukageukia upande mwingine, akapuliza mwenyewe mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Majibu yakawa yale yale.

"Nilikuwa nafukuza ndege kwenye mtama kwa vikonyo kama hivi," Shangazi alisema. "Pumzi inasukuma mgongo wa donge. Mgongo ukiwa mpana, pumzi inapata pa kushika. Ukiwa mwembamba, unapuliza mpaka masikio yanauma."

Ile ilikuwa mada yangu ya mgandamizo, yote, kwa sentensi tatu.

"Lakini kwenye video bunduki nyembamba ndizo zenye kasi!" Mzee alilalamika.

"Zinabeba risasi nzito kama za zile pana?" Shangazi akauliza.

Mzee alifungua simu, akatazama, akakuta bunduki nyembamba zote zimepewa risasi nyepesi. Akasema mtandao unasumbua, akaenda zake.

Jumatatu nilisimama darasani nikaufuta mfano wa bomba la maji. Nikawaambia wanafunzi kwamba uzito na mgandamizo vikiwa sawa, mtutu mpana unaipa risasi kasi kubwa zaidi. Waliandika bila kushangaa, kama walivyoandika uongo wangu wa awali.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta Mzee kwenye kijiwe cha kahawa Mwandiga, amezungukwa na watu, akieleza faida za mtutu mpana.

"Nimefanya jaribio mimi mwenyewe," alisema. "Muulizeni Mwalimu huyu hapa."

"Jaribio alilifanya shangazi yetu wa Kalinzi," nikajibu.

Mzee akakubali kwa kichwa, bila haya hata chembe. "Ndiyo," akasema, "yule mama alinisaidia kukata vikonyo."