Jiwe Chini ya Gurudumu

Mama alikuwa amenipa hadi Jumamosi. Nisipopata mteja, ile pikapu itoke uani kwake, na mimi niende Nakuru kwa mjomba nikauze mapazia. Mapazia! Mimi, niliyesomea mota mpaka macho yakauma!

Pikapu yangu haikuhitaji dereva. Mota moja ilizungusha usukani, nyingine ilikanyaga breki, na kamera ya mbele ndiyo iliyokuwa macho yake. Nilitaka ibebe mbao ndani ya viwanda vya kupasua mbao, na hapa Elburgon viwanda hivyo vimejaa.

Jumamosi hiyo akaja mzee mmoja mwenye kiwanda. Pikapu ilikuwa juu ya mteremko wa uani. Akaizunguka, akaipiga tairi teke, akauliza, "Na kwa usukani anakaa nani?"

"Hakuna mtu, mzee."

"Ngai!"

Nikaingia nyumbani kuchukua simu ya kuiamuru. Nilipotoka nikabonyeza. Breki ikaachia. Usukani ukacheza kushoto, ukacheza kulia. Pikapu tuli. Nikabonyeza tena. Tuli. Jasho likanitoka na baridi yote ile.

"Imekataa," mzee akasema kwa huruma, na huruma yake ikaniudhi kuliko matusi.

Hapo Mama akatoka jikoni na mwiko. "Nani ametoa jiwe la mlango wa kuku?" Kuku wake walikuwa wametapakaa uani kote.

Mzee akatazama gurudumu la mbele. Jiwe hilo hapo, limekaa vizuri. "Aki pole, mama. Gari ikisimama kwa mteremko, mkono wangu unatafuta jiwe wenyewe."

Nilitaka kumfokea, lakini nani hapa kwetu haweki jiwe? Mama huwekea hata wilbaro.

Mzee akalivuta, akaruka pembeni. Wacha iteremke! Ikapinda penye tangi la maji, ikanyooka, ikamwendea moja kwa moja kuku wa Mama anayetaga, aliyesimama njiani akijidonoa manyoya. Mama akapiga mayowe. Mota ikakanyaga breki. Pikapu ikasimama kando ya mkia wake, naye akaendelea kujidonoa.

Mama akashusha mwiko. "Huyu msichana haendi Nakuru," akamwambia mzee kwa ukali, utadhani ni yeye aliyetaka kunipeleka.

"Nitachukua pikapu mbili," mzee akasema. "Hizo mota nimeziamini kabisa."

Kisha akateremka polepole hadi pale pikapu iliposimama, akainama, akaliweka lile jiwe mbele ya gurudumu.