Kitambaa cha Korongo Mwenye Jicho Jekundu

Bi Tsuyako Okuda aliuza achari Kyoto, na mtaani kwao alijulikana kwa mambo mawili: figili zake, na wazimu wake wa matambara. Neno la matambara ni la majirani. Yeye alikusanya hariri za zamani za sherehe, hasa fukusa, vile vitambaa vilivyotariziwa vya kufunikia zawadi. Kila mwezi, siku ya gulio la hekaluni, alifika kabla wachuuzi hawajamaliza kufungua mizigo. Atashika, atanusa, atageuza nyuma kukagua mafundo ya uzi. Pesa ya figili iliishia kwenye atilasi, wala hakujuta.

"Mama, wenzako wananunua friji mpya," binti yake Asami alimwambia. "Wewe unanunua nguo za marehemu."

"Friji ikizeeka inatupwa. Hebu niache na marehemu wangu."

Sasa kulikuwa na jirani, Mzee Kanehira, fundi mikeka aliyestaafu, mtu wa maneno ya kuhesabu. Mume wa Bi Tsuyako alipougua ule ugonjwa wa kumlaza miaka, ni huyu mzee aliyekuja kila alfajiri kunyanyua mawe yanayogandamiza mapipa ya achari, maana yale mawe, wallahi, wanawake wawili hawayawezi. Hakuombwa wala hakulipwa. Alinyanyua, akapangusa mikono, akaenda zake. Mume akazikwa, na mzee akaendelea vilevile mpaka duka lilipopata kibarua.

Shukrani ya jambo hilo ilimkaa Bi Tsuyako kifuani, asijue pa kuitua. Kwao zawadi ina marejesho yake, na Mzee Kanehira kwa marejesho alikuwa hatari. Umpelekee figili, kesho analeta samaki. Umpe chupa ya sake, ile pombe ya mchele, analeta tikiti la bei ya kutisha. Mwaka mmoja Bi Tsuyako alimfumia fulana ya sufu, na wiki ile ile mzee akamtandikia mikeka mipya sakafu ya chumba kizima.

"Huyu mtu hashukuriki!" Bi Tsuyako alimlilia binti yake. "Nikimshukuru nazidi kudaiwa!"

Vuli ilipoingia, mzee akaja dukani kununua biringanya za achari, akasema mjukuu wake Chitose anaolewa.

"Hongera! Sasa mbona umenuna kama uliyefiwa?"

Mzee akasitasita. "Nyumba yetu ilikuwa na kitambaa cha arusi. Bibi yangu alikitarizi mwenyewe, korongo wawili juu ya atilasi ya buluu. Uzi mweusi ukamwishia, korongo mmoja akamtia jicho jekundu. Baada ya vita mama akakiuza, tukala wali. Sasa mtoto anaolewa, na zawadi zake zitafunikwa kitambaa cha dukani. Aa, ujinga wa uzee tu. Nipimie biringanya."

Bi Tsuyako akampimia. Kitambaa hicho kilikuwa juu, kwenye kabati lake. Alikinunua zamani, na mchuuzi alimpunguzia bei kwa sababu ya lile jicho. Na tuseme ukweli: katika vyote alivyokuwa navyo, hicho ndicho alichokipenda zaidi. Alikitoa hata siku zisizo za kuanika hariri zake, akitazame tu.

Mzee alipoondoka, mama na binti wakakikunjua. Nyuma palikuwa na nembo ya ukoo, kipepeo, ileile iliyo kwenye koti la mzee la mazishini.

"Mpe," Asami akasema.

"Nimpe? Si atauza nyumba anirudishie! Kitu cha thamani hivi, ama atakikataa, ama atakufa na deni. Nimtwike mzee wa watu mzigo, halafu niite shukrani?"

"Basi mwazime."

"Nimwazime kazi ya bibi yake? Asami, una akili wewe?"

Akakaa na chai yake mpaka ikapoa. Kisha akacheka peke yake, akaenda kutafuta kimono chake cha heshima.

Siku iliyo njema kwa kalenda alipakia kopo la achari ya figili kwenye sinia la kupeleka zawadi, akalifunika kwa kitambaa cha korongo, akaenda nyumba ya jirani. Mzee Kanehira mwenyewe alifungua. Bi Tsuyako akapiga magoti ukumbini, akasema maneno ya hongera yote bila kuruka hata moja, akalisukuma sinia mbele.

Mzee akakiona kitambaa. Akalibeba sinia ndani kama desturi inavyotaka, na Bi Tsuyako akabaki anasubiri. Akikasirika je? Akiona anasimangwa umaskini wa mama yake?

Mzee akarudi, macho yamemwiva. Juu ya sinia kitambaa kilikuwa kimekunjwa vizuri, maana mpokeaji huchukua zawadi, na kilichoifunika lazima akirudishe hapo hapo. Mzee Kanehira hakuwa mtu wa kuvunja desturi, hata ikimkata maini.

"Achari tumepokea, ahsante sana," akasema. "Kitambaa chako hiki hapa."

"Changu? Hebu kigeuze. Kipepeo huyo ni wa nani?"

"Wetu."

"Na kitambaa cha zawadi kinarudi kwa nani?"

"Kwa mwenyewe."

"Basi kimerudi. Mimi nimekupa figili, Mzee Kanehira. Ukitaka kurejesha, rejesha figili."

Mzee alikichukua kitambaa kwa mikono miwili, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Bi Tsuyako naye akainama. Njiani kurudi alilia waziwazi, sinia tupu kwapani, bila kujali nani anamwona. Alikuwa na furaha ya kutua mzigo, na kile kitambaa kilimuuma pia.

Kesho yake alishinda akitazama mlango wa duka kwa wasiwasi, akingoja samaki, tikiti, mikeka, chochote kile. Alasiri mzee akatokea, mikono mitupu.

"Nipe chai," akasema, akaketi.

Bi Tsuyako akamimina chai.